Ikoni ya shabiki

Ikoni ya shabiki ni picha ndogo ya mraba inayotengenezwa na mpenzi wa filamu, tamthilia au kipindi cha televisheni kutokana na fremu moja ya kazi hiyo. Fremu hukatwa, hupunguzwa, hubadilishwa rangi na pengine huongezewa maneno kwa programu ya kuhariri picha. Kisha hutumiwa kama picha ya utambulisho katika mitandao ya kijamii au kama stika katika simu.

Katika Afrika ya Mashariki kazi hii ina ugumu wake wa pekee. Maelekezo mengi yanayopatikana kwenye intaneti yaliandikwa kwa kufuata nyuso za watu weupe. Yakifuatwa bila marekebisho, humpausha mhusika mwenye ngozi nyeusi au huufanya uso wake wote kuwa doa jeusi.

== Historia ==

Desturi ya kutengeneza ikoni za mashabiki ilikua pamoja na tovuti ya LiveJournal iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999. Tovuti hiyo ilimruhusu mtumiaji kuweka picha isiyozidi pikseli 100 kwa 100 na uzito wa kilobaiti 40. Masharti hayo yaliunda mtindo wenyewe: uso uliokatwa karibu, rangi chache zilizokolezwa na maneno machache.

Nchini Tanzania televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1974, lakini upande wa Bara vituo vya kwanza vilifunguliwa mwaka 1994. Tamthilia za Kiswahili ziliongezeka baadaye. Mojawapo ni ''Siri ya Mtungi'', iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012, ambayo mhusika wake mkuu, Cheche, ni mpiga picha wa Bagamoyo. Tangu WhatsApp ilipoanza kutumia stika mwaka 2018, picha za waigizaji zilizokatwa kutoka filamu zimekuwa sehemu ya mazungumzo ya kila siku. Stika hizo ni ndugu wa ikoni: hutengenezwa kwa njia ileile, ila huwa na pikseli 512 kwa 512 na mara nyingi usuli wake huondolewa.

== Kuchagua fremu ==

Sekunde moja ya video huwa na fremu 24 au zaidi, na nyingi kati yake hazifai kwa sababu mwigizaji amefumba macho, amepinda mdomo au amesogea. Katika programu ya VLC, kitufe cha E husogeza video fremu moja moja, na Shift pamoja na S huhifadhi fremu iliyosimamishwa. Njia hii ni bora kuliko kupiga kioo cha televisheni picha kwa simu, kwa kuwa kioo huongeza mng'ao na mistari.

Kanda za zamani za televisheni zilirekodiwa kwa mistari inayopishana. Mtu akisogea, kingo za mwili wake huonekana kama meno ya kitana. Programu ya GIMP ina kichujio cha kuondoa kasoro hiyo, nacho hutumiwa kabla ya hatua nyingine yoyote.

Fremu nzuri ina mambo matatu: macho yanaonekana, mwanga unaangukia upande mmoja wa uso, na usuli hauna vitu vingi.

== Kukata na kupunguza ==

Fremu ya kawaida ya video ya kisasa ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni mbili. Ikoni ya pikseli 100 kwa 100 ina pikseli 10,000 tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya picha lazima iachwe. Mtengenezaji hukata mraba unaozunguka uso, kwa mfano wa pikseli 400 kwa 400, kisha huupunguza. Katika mfano huo kila pikseli 16 za awali huwa pikseli moja.

Upana na urefu hupunguzwa kwa kiwango kilekile ili uso usivutwe. Baada ya kupunguza, picha hulegea kidogo na hunolewa kwa kichujio cha kunoa. Ikinolewa kupita kiasi, mstari mweupe hutokea kuzunguka nywele na mabega.

== Mwanga na rangi ya ngozi ==

Programu za kuhariri picha hufanya kazi kwa matabaka, kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mapishi ya zamani ya ikoni huanza kwa kunakili picha kwenye tabaka jipya na kulichanganya na la chini kwa namna inayong'arisha. Kila rangi huhesabiwa kwa namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Ngozi ya kahawia yenye namba 90, 55 na 40 hugeuka 148, 98 na 74 baada ya tabaka moja la aina hiyo. Baada ya matabaka mawili huwa 186, 132 na 102. Mhusika hajaangazwa, amebadilishwa rangi.

Tatizo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za picha zilizotumia filamu za Kodak zilipima rangi zake kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Mashine iliyopimwa kwa uso huo haikuonyesha vizuri nyuso nyeusi.

Mfano mzuri ni picha ya mrina asali aliyesimama chini ya miti ya miombo huko Ipole, kata ya Wilaya ya Sikonge katika Mkoa wa Tabora. Anga nyuma yake ni jeupe na uso wake uko kivulini. Kamera ikijipima kwa anga, uso huwa na giza. Kung'arisha picha nzima huunguza anga na kupausha ngozi kwa pamoja. Njia inayofaa ni hii:

* Uso huchaguliwa peke yake, na kingo za eneo lililochaguliwa hulainishwa.
* Mwanga wa kati huinuliwa kidogo kwa mstari wa mwangaza, huku sehemu nyeusi kabisa zikibaki zilivyo.
* Mng'ao wa asili kwenye paji la uso, pua na mashavu huachwa, kwa kuwa ndio unaoonyesha umbo la uso mweusi.
* Ukolezi wa rangi huongezwa kidogo ikiwa ngozi imekuwa ya kijivu.
* Matokeo hulinganishwa na fremu ya awali. Ikiwa mtu anaonekana mweupe kuliko alivyokuwa, marekebisho yamezidi.

== Kuipa picha mtindo ==

Mtindo unaopendwa ni kuugeuza uso kuwa rangi mbili hadi nne bapa, kama bango lililochapishwa. Programu hutenganisha rangi hizo kwa kiwango cha mwanga, na mara nyingi huanza na 128, yaani nusu. Kiwango hicho hakifai kwa uso ambao mwanga wake wote uko kati ya 25 na 100, kwa sababu macho, pua na mdomo vyote huangukia upande wa giza na kupotea. Mipaka huwekwa ndani ya mwanga wa uso wenyewe, kwa mfano 45 na 70. Hapo kivuli, ngozi na mng'ao hutengana, na mtu hutambulika.

Baada ya hapo kila sehemu hupewa rangi. Rangi za kupaka si lazima zifanane na ngozi: uso unaweza kuwa wa zambarau au wa samli. Linalotakiwa ni mpangilio ule wa giza na mwanga ubaki, na usuli utofautiane na uso ili kichwa kisipotee.

Maneno yakiongezwa, huwa mawili au matatu. Katika pikseli 100 herufi nyembamba hazisomeki. Jaribio la mwisho ni kuitazama ikoni katika ukubwa wake halisi, si ikiwa imekuzwa.

== Kuhifadhi na kutumia simu ==

Faili la kazi lenye matabaka huhifadhiwa kando, ambalo kwa GIMP ni la aina ya XCF. Nakala ya kutumia huhifadhiwa kama PNG, ambayo hutunza kingo kali za rangi bapa. JPEG hufaa kwa picha yenye rangi nyingi zinazofifiana, lakini huacha ukungu kuzunguka herufi. GIF haiwezi kubeba zaidi ya rangi 256.

Kazi yote inaweza kufanywa kwa simu. Programu za Snapseed na PicsArt zina vifaa vya kukata na kurekebisha mwanga, na Photopea hufanya kazi ndani ya kivinjari. Kwa mtumiaji wa kijijini anayenunua bando dogo, gharama kubwa ni ya kutazama video. Ikoni iliyokamilika haizidi kilobaiti chache.

== Haki na sheria ==

Fremu ya tamthilia ni sehemu ya kazi yenye mwenyewe. Nchini Tanzania kazi hizo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Kubadilisha rangi hakumfanyi mtengenezaji wa ikoni kuwa mwenye picha, na kuichapisha kwenye fulana za kuuza ni jambo jingine kabisa na kuitumia binafsi.

Lipo pia suala la ukweli. Ikoni ya mhusika wa tamthilia inafahamika kuwa ni mchezo. Fremu ya taarifa ya habari yenye nembo ya kituo, ikibadilishwa maneno, inaweza kuaminiwa na watu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya uchapishaji wa taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha kuwa kosa. Kwa mtu wa kawaida aliyeonekana kwenye kipindi bila kuwa mwigizaji, ni vizuri kuomba ridhaa yake kwanza.

Njia iliyo salama zaidi ni kuanza na video aliyoirekodi mtengenezaji mwenyewe. Ipole, iliyo kusini mwa Tabora kwenye barabara ya kwenda Mpanda, ina misitu ya miombo na Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ipole. Mzinga wa gome uliotundikwa mtini una umbo linalotambulika hata likipunguzwa hadi pikseli 100. Picha kama hiyo ni mali ya aliyeirekodi, naye anaweza kuitoa kwa leseni huria ili wengine waitumie.

[[Jamii:Upigaji picha]]
[[Jamii:Televisheni]]