Mkopo Ukiisha, Kikundi Chenu Kitabaki na Nini? Somo Kutoka Chama cha Wakulima cha Grange

Leo tuweke pembeni mbolea na viuatilifu, tuongelee kikundi.

Katika kazi yangu ya ugani naitwa sana kusaidia vikundi kuandika katiba. Vijana wanakuja wamejipanga: mwenyekiti yupo, katibu yupo, mweka hazina yupo. Wanataka usajili ili waombe mkopo wa halmashauri. Mkopo ukitoka wananunua pampu, wanalima nyanya au vitunguu. Nikipita tena baada ya misimu miwili, mara nyingi nakuta kikundi kimebaki kwenye daftari tu. Group la WhatsApp lipo, ila ni la kutangaziana misiba.

Siyo kwamba vijana hawa ni wavivu. Kilichowaunganisha kilikuwa kitu kimoja, na kitu hicho kimeisha. Ndiyo maana nataka niwasimulie chama cha wakulima cha Marekani kinachoitwa Grange. Kilianzishwa tarehe 4 Desemba 1867 na mpaka leo kipo. Na chenyewe kiliwahi kukumbwa na ugonjwa huu huu, kikanusurika.

Kilivyoanza

Mwanzilishi wake mkuu ni Oliver Hudson Kelley, mkulima wa Minnesota aliyekuwa karani katika idara ya kilimo ya serikali. Mwaka 1866, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeisha mwaka mmoja tu nyuma, alitumwa majimbo ya kusini kuangalia hali ya kilimo. Aliona wakulima waliochoka, wanaolima kwa mazoea, na kila mmoja yuko peke yake. Akaona wanahitaji udugu kwanza, wa kukutana, kula pamoja na kufundishana.

Kwa hiyo Grange haikuanza kama chama cha kuuza mazao. Ilianza kama undugu, wenye ngazi za uanachama, sherehe za kumpokea mwanachama mpya na majina ya vyeo yaliyotokana na shamba.

Watu walivyofurika, kisha wakaondoka

Miaka ya 1870 bei za mazao zilianguka. Kampuni za reli zilipanga nauli zilivyotaka, na wenye maghala makubwa ya nafaka nao walijipangia gharama za kuhifadhi. Ninyi mnaouziwa lumbesa mnaelewa uchungu wake: umelima wewe, anayepanga kipimo ni mwingine. Wakulima wakakimbilia Grange. Kufikia 1875 wanachama walikuwa zaidi ya 850,000.

Na nguvu hiyo ilizaa matunda. Majimbo kadhaa yalitunga sheria za kudhibiti nauli za reli na gharama za maghala. Wenye maghala wakaenda mahakamani, na mwaka 1877 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Munn dhidi ya Illinois, ikasema jimbo lina haki ya kuweka kikomo cha gharama hizo.

Sasa hapa ndo pa kusikiliza vizuri. Pamoja na ushindi huo, kufikia 1880 wanachama walikuwa wameshuka hadi kama 124,000. Miaka mitano tu! Wengi waliingia kwa ajili ya kununua na kuuza kwa bei nafuu. Maduka ya chama yalipoyumba, wakaondoka. Kule Iowa, chama cha jimbo kilijiingiza kutengeneza mashine za kuvunia na kikapata hasara kubwa iliyokivuruga kabisa.

Lakini wapo waliobaki, na waliobaki ndio waliokifikisha chama hapa kilipo. Mimi nikiangalia kinavyoendeshwa, naona mambo matano yaliyowashika.

1. Kila mtu ana kazi. Tawi la Grange kijijini halina viongozi watatu tu. Lina zaidi ya kumi: kiongozi na msaidizi wake, katibu, mweka hazina, mtu wa mlangoni, wasimamizi wa ukumbi na wengineo. Mwenye kazi yake anajua asipofika nafasi itaonekana. Kwetu watatu wanabeba kila kitu, waliobaki ni wasikilizaji. Msikilizaji hana cha kupoteza akikosa kikao.

2. Kila kikao kina somo. Yupo kiongozi ambaye kazi yake ni kuandaa kipindi cha kujifunza: leo udongo, kesho hesabu za shamba, siku nyingine muziki au mjadala. Yaani hata kama hakuna fedha ya kugawana, mtu anarudi nyumbani na kitu. Vikao vyetu vingi ajenda ni moja, nani hajalipa. Kikao cha namna hiyo nani atakipenda?

3. Wanawake na vijana wamo ndani kweli. Tangu mwanzo wanawake walikuwa wanachama kamili, wanapiga kura na kushika vyeo. Caroline Hall, binti wa ndugu yake Kelley, ndiye aliyesukuma jambo hilo. Kumbukeni katiba ya Marekani ilikuja kuwahakikishia wanawake kura nchi nzima mwaka 1920, zaidi ya miaka hamsini baadaye. Na kijana wa miaka 14 anaweza kuwa mwanachama kamili, huku watoto wakiwa na tawi lao. Warithi wa chama wanalelewa mapema.

4. Siasa za vyama mlangoni, hoja za wakulima ndani. Hawaruhusu chama cha siasa kutawala vikao, wala hawabishani dini. Ila hoja za wakulima wanazijadili kwa nguvu. Azimio linaanzia tawi la kijijini, linapanda hadi jimbo, kisha mkutano wa taifa. Likipita huko, ndiyo msimamo wa chama mbele ya serikali.

5. Hoja inabadilika na wakati. Baada ya reli walidai barua zifikishwe hadi majumbani kwa watu wa vijijini, na huduma hiyo ikaanza 1896. Wakadai posta ya vifurushi, ikaanza 1913. Leo wanadai intaneti yenye kasi vijijini. Ukiangalia, dai ni lile lile: mtu wa shamba asiachwe nyuma. Kinachobadilika ni kitu kinachomwacha nyuma.

Nisiwadanganye, Grange ya leo siyo kubwa kama ya 1875. Matawi mengi yamefungwa na kumbi nyingine zimeuzwa. Yanayoishi ni yale ambayo ukumbi wake bado una kazi kijijini: chakula cha pamoja, maonyesho ya mazao, mikutano ya jamii. Wamefungua mlango hata kwa wasiolima, kwa sababu kijiji siyo wakulima peke yao.

Kwenu ninyi

Sisemi muache biashara. Kuuza pamoja na kununua pembejeo kwa jumla ni faida halali, na mkopo chukueni. Ninachosema, biashara iwe na daftari lake na akaunti yake, ili ikiyumba isizame na kikundi kizima.

Halafu kwenye kikao kijacho jaribuni mambo haya matatu. Gawaneni kazi mpaka kila mwanachama awe na yake, hata kama ni kutunza funguo au kupima mvua. Mpeni mmoja jukumu la somo la dakika ishirini kila kikao, na mkinihitaji afisa ugani niiteni. Kisha andikeni jambo moja la kijijini, barabara ya kutolea mazao au mizani ya sokoni, mlipeleke kwenye serikali ya kijiji kwa jina la kikundi.

Mkimaliza jiulizeni swali moja bila kuoneana haya: mkopo ukiisha leo, nani atakuja kikao cha mwezi ujao, na atakuja kufuata nini? Mkikosa jibu, anzeni kulitafuta kabla marejesho hayajaisha.

Kila la heri na msimu mwema.