Rivolva Ndogo ya Mtumba: Kweli au Uongo

Katika maduka ya bunduki ya Marekani, kabati la kioo lenye silaha zilizotumika halikosi rivolva fupi za risasi tano, zenye mtutu wa inchi mbili hivi, ambazo raia hununua ili azibebe kwa siri kiunoni au mfukoni. Nyingi ni za ukoo mmoja wa Smith & Wesson, ulioanza mwaka 1950 kampuni ilipoonyesha bastola mpya kwenye mkutano wa wakuu wa polisi huko Colorado Springs. Wakuu hao ndio walioipa jina la Chiefs Special. Kando yake utaikuta Colt Detective Special, iliyoitangulia tangu 1927 na yenye nafasi ya risasi sita, pamoja na Ruger za miaka ya karibuni.

Umbo lake ni sahili, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanaponzwa. Kwa kuwa sehemu zinazoonekana ni chache, wanadhani hakuna cha kukagua, wanalipa, na wanafika nyumbani na mbuzi aliyekuwa kwenye gunia. Hizi ni kauli zinazorudiwa sana mbele ya kabati hilo.

“Rivolva haikwami.”

Uongo. Hukwama mara chache kuliko bastola ya magazini, lakini ikikwama mara nyingi haifunguki kwa kupigwa kofi na kuvutwa. Ganda likinasa chini ya ile nyota inayosukuma maganda, utahitaji utulivu na pengine kifaa. Chembe za baruti ambazo hazikuungua zikijikusanya hapo chini, nyota hunyanyuka kidogo na silinda huanza kubana. Ufito wa kutolea maganda ukilegea au kupinda, silinda hugoma kufunguka. Kwa hiyo fungua silinda, sukuma ufito, uizungushe silinda taratibu huku ukiutazama. Ukiyumba, umepinda. Uchafu wa chini ya nyota si sababu ya kuikataa; mswaki mkavu unautoa.

Zile nyepesi kupita kiasi zina tatizo lao. Mshtuko wa risasi moja unaweza kulegeza kichwa cha risasi iliyo chumba cha jirani, kikachomoza na kuizuia silinda isizunguke. Smith & Wesson wanalijua hilo: mtutu wa modeli yao ya 340PD umechorwa onyo kwamba usitumie risasi yenye kichwa cha chini ya greini 120.

“Iliyochubuka nje imechoka ndani.”

Mara nyingi ni uongo. Rivolva iliyokaa miaka 20 kwenye ala ya askari hupauka mdomoni na kwenye kingo za silinda, lakini huenda ilifyatuliwa mara chache kwa mwaka, siku za kupimwa shabaha. Mstari unaozunguka silinda nao hauogopeshi. Mimi huitilia shaka zaidi ile inayong’aa kama ya jana huku herufi za kiwandani zimefifia, kwani hiyo imesuguliwa na kupakwa upya, na aliyefanya hivyo alikuwa na kitu cha kufuta. Tazama pia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimeng’oka kingo, jua kuna mtu aliyeifungua kwa bisibisi isiyo yake, na usitarajie kwamba mkono huo ulikuwa mpole kwa vyuma vya ndani.

“Silinda ikicheza, hiyo imekwisha.”

Inategemea inacheza vipi. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu ndipo pesa inapopotelea.

Kwanza hakikisha haina risasi: mtutu uelekee pasipo na mtu, silinda iwe wazi, kila chumba ukitazame na kukipapasa kwa kidole. Muombe muuzaji ruhusa ya kuijaribu. Kisha funga silinda, egesha kidole ubavuni mwake ili kuizuia kidogo, na uvute nyundo nyuma polepole kwa kidole gumba. Silinda inatakiwa ijifunge, kwa mlio mdogo unaosikika, kabla nyundo haijafika mwisho au inapofika tu. Rudia kwa kila chumba, maana vinne vinaweza kuwa sawa na cha tano kikachelewa. Chumba kinachochelewa hakikai sawasawa na mtutu, na risasi huingia ikichubuka ukingoni na kutema vipande pembeni. Kwa modeli ambazo nyundo imefichwa ndani, kama 642 na 442 za Smith & Wesson, jaribio ni lile lile ila kwa kuvuta triga pole pole.

Sasa shikilia triga nyuma kabisa na ujaribu kuizungusha silinda. Kwenye Smith & Wesson mchezo mdogo sana ni wa kawaida. Colt za zamani ni hadithi nyingine: zilitengenezwa zibane kabisa triga ikiwa nyuma, kwa hiyo Detective Special inayotikisika imeanza kuchoka, na mafundi wanaoijua kazi yake wamebaki wachache. Anayepima Colt kwa kipimo cha Smith & Wesson atanunua mbovu akidhani nzima.

Mchezo wa kwenda mbele na nyuma ndio wa kuuogopa zaidi. Sukuma silinda nyuma, kisha pima pengo kati yake na mtutu kwa fila geji, ile ile ambayo mafundi wa magari hupimia valvu. Inchi 0.006, yaani milimita 0.15, ni nzuri. Ikifika 0.010, dai bei ishuke. Zaidi ya 0.012, mwachie mwenyewe.

Na jaribio la mwisho: bado ikiwa tupu, nyundo ikiwa imevutwa, isukume mbele kwa kidole gumba bila kugusa triga. Ikianguka, kuna mtu aliyechonga vyuma vya ndani ili triga iwe laini. Irudishe kabatini.

“Silinda hufungwa kwa kuipiga mkono, kama kwenye sinema.”

Uongo, na ni uongo wa gharama. Ule mkono mdogo unaobeba silinda hupinda kama bawaba ya mlango uliobamizwa miaka mingi, na kuanzia hapo vyumba havilingani tena na mtutu. Muuzaji akiifunga hivyo mbele yako, amekusimulia historia nzima ya silaha hiyo.

“.38 ni .38.”

Uongo mtupu. .38 Special, ambayo rivolva nyingi hizi hutumia, ina ganda jembamba na refu kuliko .38 S&W, risasi ya zamani ambayo jeshi la Uingereza lilitumia toleo lake kwenye rivolva za Enfield na Webley. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Smith & Wesson waliiuzia Uingereza rivolva nyingi za risasi hiyo. Baada ya vita baadhi zilirudi Marekani, wafanyabiashara wakazichimba vyumba virefushwe ili vipokee .38 Special, nyingine wakazikata mitutu ziwe fupi za kufichika. Chumba kilichorefushwa hakikupungua upana, kwa hiyo ganda jembamba huvimba ndani yake na wakati mwingine hupasuka. Ukiona rivolva fupi ya bei ya kutupa ambayo mdomo wa mtutu umekatwa bila unadhifu, uliza ilizaliwa na risasi gani.

“Chuma ni chuma.”

Uongo. Chiefs Special ya kwanza ilikuwa ya chuma cha kawaida, na mwaka 1965 ikaja Model 60 ya chuma kisichoshika kutu. Zile nyepesi, za jamii ya Airweight, zina fremu ya aloi ya alumini. Kwenye hizo fungua silinda na umulike tochi chini ya mahali mtutu unapoingia kwenye fremu. Fremu ni nyembamba zaidi hapo, na ndipo ufa mwembamba hujitokeza, hasa kwa za zamani zilizolishwa risasi za shinikizo la juu, zenye alama +P, ambazo hazikutengenezewa. Ufa huo hauzibwi kwa kuchomelewa, fremu imekufa.

“Kufyatua bila risasi kunaiharibu.”

Kwa .22, ambayo hugongwa ukingoni mwa ganda, ni kweli. Kwa .38 ya miongo ya karibuni si kweli, na duka linaloruhusu ujaribu kwa adabu ni duka la kurudi tena.

“Ndogo ndiyo inamfaa anayeanza, hasa mwanamke.”

Sijui ni wanawake wangapi wameuziwa maumivu kwa kauli hii, kwa kawaida na mwanamume asiyeibeba mwenyewe. Model 642 ina uzito wa gramu kama 410. Triga yake ni nzito, inahitaji nguvu inayokaribia kilo tano na nusu, yaani mara kumi na tatu ya uzito wa bastola yenyewe, na mkono usiozoea huyumba kabla risasi haijatoka. Vilengeo vya juu ni vifupi na havionekani vizuri. Mshtuko wake ni mkali kwa sababu hakuna uzito wa kuumeza. Hii ni silaha ya aliyekwisha kujifunza. Anayeanza aanze na rivolva ya chuma yenye mtutu wa inchi nne, hata ya kukodi uwanjani.

“Duka likishapata jibu la FBI, bastola ni safi.”

Uongo ambao hata wanunuzi wazoefu huuamini. Mfumo wa FBI ambao duka huuliza kabla ya kuuza, unaofanya kazi tangu 1998, humchunguza mnunuzi. Bastola yenyewe haiulizwi kama iliibwa. Jimbo la Florida lina orodha ya silaha zilizoibwa ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta. Kwingineko unaweza kuwaomba polisi wa mtaa waangalie namba. Hakikisha tu unasoma namba yenyewe. Kwenye Smith & Wesson za zamani, tarakimu unazoziona silinda ikiwa wazi zinaweza kuwa za kuunganishia tu kiwandani; namba ya usajili iko chini ya kitako. Iliyokwanguliwa haiguswi, hata kwa zawadi.

“Ukiwa Marekani kihalali, unaweza kununua.”

Hapa ndipo ndugu zetu wa Minnesota, Texas na Ohio wasikilize. Mwenye kadi ya kijani anaweza, akitimiza masharti mengine. Mwenye viza ya muda, awe mwanafunzi, mtalii au mfanyakazi, sheria ya serikali kuu inamkataza hata kumiliki risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Kubeba kwa siri ni suala lingine tena: zaidi ya nusu ya majimbo hayadai kibali, lakini New Jersey haitambui kibali cha jimbo lolote jingine, na mpaka wake na Pennsylvania ni daraja tu. Kununua bastola kutoka kwa mtu wa jimbo jingine lazima kupitie kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo lako. Hapo utajaza fomu namba 4473, inayouliza uraia na hali yako ya uhamiaji, na kudanganya humo ni kosa la jinai hata kama bastola hukukabidhiwa.