Je, Wajua? Jeni ya kupimia nayo hupimwa

Mtafiti anayetaka kujua jeni ya kinga imefanya kazi kiasi gani katika buni mbichi za Manyatta, Embu, zilizoshambuliwa na ugonjwa wa kuvu wa chulebuni, huilinganisha na jeni inayodhaniwa haibadiliki, kama aktini. Lakini ukame au kuvu huweza kuitikisa hata aktini. Aktini ikishuka nusu, jeni ya kinga itaonekana imepanda maradufu ilhali haikusogea. Wapo wanaoitetea aktini kwa kuwa imezoeleka maabarani. Mazoea si ushahidi: mwaka 2002 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walionyesha kwamba kutegemea jeni moja huleta makosa makubwa, wakapendekeza angalau tatu, zilizopimwa uthabiti. Gharama huongezeka, ni kweli, ila mbuni huchukua miaka kuzaa, na mche uliochaguliwa kuwa una kinga kwa kipimo kibovu humpotezea mkulima miaka hiyo yote.