BENI: FANFARI YA WAZEE WETU



Kila mara fanfari yetu inapotoka na ngoma zake mbili, kuko batu wanacheka: "Fanfari gani hii bila tarumbeta?" Siye wa mwaka wa sita tunapenda kuwaelezea habari ya Beni, ili kila mtu ajionee mwenyewe kama kicheko hicho kina msingi.

Mbele ya mwaka 1900, kule pwani, Mombasa na Lamu, vijana walisikia muziki wa misioni na wa maaskari. Wakatunga ngoma yao ya kutembea kwa mstari kama jeshi, wakaiita Beni, toka neno la Kiingereza "band".

Desturi zake zilikuwa hizi:

1. Kila mji pande mbili za kushindana. Kule Tanganyika ziliitwa Marini na Arinoti.

2. Kila mtu na cheo chake: mfalme, jenerali, daktari. Mtu aliyeitwa boyi mchana kutwa, mu Beni alikuwa mukubwa.

3. Kusaidiana. Mwenzao akigonjwa au akifa, chama kilimutunza au kilimuzika.

Vita ya 1914-1918 ilipeleka Beni mbali, mikononi mwa maaskari na wapagazi. Katika miaka ya 1920 ilichezwa hata hapa kwetu, wakati mji ungali Elisabethville. Wakoloni waliiangalia na mashaka, maana watu wa makabila mbalimbali walijipanga bila kuamriwa na mzungu.

Na vyombo je? Kule Malawi, wachezaji wa malipenga walitoboa kibuyu, wakafunika tundu na utando wa buibui, kikalia kama tarumbeta. Kule Luanshya, Zambia, mwaka 1951, wachezaji wa kalela, ngoma iliyotoka katika Beni, walipiga mapipa ya mafuta yaliyofunikwa ngozi ya ng'ombe. Lakini nguo zao zilikuwa safi kabisa, na "daktari" wao alivaa kanzu nyeupe.

Basi, kinachofanya fanfari ni mstari ulionyooka, mguu mumoja na kusaidiana. Pesa ya tarumbeta inaweza kuchelewa. Hayo matatu hayauzwi dukani.

Siye tunamaliza masomo mwaka huu. Ngoma zinabaki, na mpaka sasa hakuna hata mdogo mumoja aliyeandikisha jina. Wadogo zetu, mutaziacha zikae kimya?

Kwa niaba ya wakubwa wa wanafunzi.