Kichocheo Kizolekacho kwa Sumaku: Dhana na Istilahi Zake

Mfasiri anapokabiliwa na makala ya kemia kuhusu vichocheo vinavyokusanywa kwa sumaku, kinachomponza si ugumu wa kemia bali wepesi wa kamusi. Kitenzi cha Kiingereza kitumikacho hapo kina maana ya kupata tena, na pia ya kupona. Mwanafunzi akisoma "kichocheo kilichopona" atadhani kuwa kiliharibika kikatengenezwa. Ili tupate neno lifaalo, yatupasa kwanza kuielewa kazi yenyewe.

Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kutumika kikaisha. Mwaka 1979 Akira Suzuki na Norio Miyaura wa Japani walieleza namna ya kuunganisha kaboni ya molekuli moja na kaboni ya molekuli nyingine kwa msaada wa metali iitwayo paladi. Mwaka 2010 Suzuki, Richard Heck na Ei-ichi Negishi walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa miungano ya namna hii, ambayo hutumika katika kutengeneza dawa.

Paladi ni ghali, na masalio yake hayatakiwi ndani ya dawa. Kwa hiyo watafiti huibandika juu ya chembe za oksaidi nyeusi ya chuma, zenye upana wa makumi machache ya nanomita. Milimita moja ina nanomita 1,000,000. Si rahisi kuchuja chembe ndogo kiasi hicho. Lakini mmenyuko ukiisha, sumaku huwekwa ubavuni mwa chombo, chembe zikavutwa hapo, na maji yakamiminwa. Sumaku ikiondolewa, chembe hutawanyika tena, tayari kwa kazi nyingine. Nayo maji huchukua nafasi ya viyeyushi viwezavyo kuwaka au kudhuru. Hata hivyo, paladi kidogo huweza kubanduka kila mara, na nguvu ya kichocheo ikapungua.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hapa maji humwagwa, na kilichokuwamo kikazoleka. Basi tunapendekeza "kichocheo kizolekacho kwa sumaku". Chembe zenyewe ziitwe "chembenano", na tendo liitwe "mmenyuko wa kuunganisha kaboni". Aidha, tunashauri "kichocheo" kisitumiwe kwa maana ya homoni, kama isikikavyo mara kwa mara, ili kila dhana ibaki na jina lake. Tunawaomba walimu na wafasiri wayapime maneno haya katika kazi zao.