Uandishi wa Kujitegemea: Makubaliano Yatangulie Kalamu

Karibu kila kata wilayani hapa ina mtu ambaye majirani humkimbilia panapohitajika risala ya mgeni rasmi, katiba ya kikundi, wasifu wa marehemu au barua ya maombi ya kazi. Malipo yake kwa kawaida ni ahsante, na pengine nauli. Kazi hiyo hiyo, ikifanywa kwa utaratibu, yaweza kumpatia mwandishi kipato halali, ingawa si cha haraka. Wale wanaotoza vijana ada ya usajili kwa ahadi ya kazi za kuandika mtandaoni hawana kazi ya kumpa mtu yeyote.

Wengi waanzao hudhani kwamba mwandishi wa kujitegemea ni yule tu atumaye makala gazetini. Soko lililo karibu ni pana kuliko hilo: vikundi huhitaji maandiko ya miradi, asasi huhitaji ripoti na mihtasari ya mikutano, shule binafsi na nyumba za wageni huhitaji vipeperushi. Anayemudu Kiswahili na Kiingereza sawasawa anaweza kufasiri pia, na taratibu za fani hiyo huulizwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA). Uandishi wa habari una masharti yake. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi wa habari awe na ithibati. Katiba ya kikundi au kipeperushi cha duka havihusiki na sharti hilo.

Panapoumiza zaidi ni kwenye malipo. Tuchukue mfano wa kikundi cha wafuga kuku kinachoagiza andiko la mradi na kumwambia mwandishi, "Fedha zikitoka utakumbukwa." Andiko likikataliwa, hapati kitu. Likikubaliwa, huenda viongozi wamekwisha kubadilishwa na hakuna anayekumbuka ahadi. Ada ya mwandishi ni ya kazi ya kuandika, wala haipaswi kungoja uamuzi wa mfadhili.

Ukurasa mmoja wa makubaliano watosha, ukiwa na saini za pande mbili: kazi ni ipi, itakabidhiwa lini, malipo ni kiasi gani na kwa awamu zipi. Ni busara sehemu ya malipo itangulie. Idadi ya marekebisho yasiyolipiwa nayo iandikwe, kwa kuwa bila kikomo hicho kazi ya siku tatu hugeuka ya mwezi mzima. Mteja akiona haya kutia saini, ujumbe wa simu unaotaja kiasi na tarehe ni bora kuliko maneno matupu, nao usifutwe. Shauri la deni likifika Mahakama ya Mwanzo, linakoendeshwa kwa Kiswahili, mdai huulizwa ushahidi.

Kwa watunzi wa hadithi na michezo ya redio, lipo neno la kusomwa mara mbili katika mkataba: "haki zote." Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 hulinda kazi tangu inapoandikwa, na ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufariki kwake. Anayeuza haki zote kwa malipo ya mara moja huuza hata sehemu ya wajukuu. Kusajili kazi COSOTA si sharti la kulindwa, lakini husaidia sana panapozuka mgogoro.

Namba ya mlipakodi (TIN) hutolewa na TRA bila malipo, na taasisi nyingi hazimlipi asiye nayo. Mwandishi asishtuke akikuta malipo ya huduma ya shilingi 200,000 yamemfikia yakiwa 190,000. Asilimia 5 iliyokatwa ni kodi ya zuio. Adai cheti chake, kwani kiasi hicho huhesabiwa katika kodi yake ya mwaka.

Si lazima kuacha kazi nyingine ili kuanza. Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa karani wa serikali, akianzia idara ya forodha mwaka 1926, na ndani ya miaka hiyo ya utumishi aliandika vitabu vinavyosomwa hadi leo. Shamba au duka humwezesha mwandishi kukataa mteja mbaya.

Gharama ya kompyuta na printa ndiyo huwakwamisha wengi. Waandishi vijana, wanawake au watu wenye ulemavu waliojiunga katika kikundi wanaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maelezo hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kikundi kiende na katiba yake, na kwa kikundi cha waandishi itatarajiwa iwe imeandikwa vizuri.