Epoksi Bila Petroli: Ganda la Korosho na Pumba za Ifakara (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi kutu inavyokula chuma katika Bonde la Kilombero, ambako masika hujaza mbuga maji na unyevu haumpi fundi nafasi. Leo tuitazame rangi inayoizuia kutu hiyo, yaani epoksi, na tujiulize kama inaweza kutokana na mimea yetu.

Mpakaji wa epoksi hufungua makopo mawili. Moja lina utomvu, la pili lina dawa ya kugandisha. Vikichanganywa, molekuli hufumana kama ukili wa mkeka, na baada ya saa chache chuma huvaa ngozi ngumu isiyopitisha maji. Ndiyo maana epoksi hupakwa kwenye matangi, mabomba, meli na hata ndani ya makopo ya vyakula.

Utomvu wa kawaida hutengenezwa kwa bisfenoli A na epiklorohidrini, vyote kwa desturi vikitokana na mafuta na gesi ya ardhini. Bisfenoli A huvuruga homoni. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango salama cha kuimeza kwa siku mara 20,000, na Januari 2025 Umoja wa Ulaya ukaanza kuipiga marufuku katika vifaa vinavyogusa chakula. Kwa hiyo viwanda vinatafuta mbadala kwa haraka.

Malighafi moja ya epoksi itokanayo na mmea tunayo kusini, Mtwara, Lindi na Tunduru. Kati ya tabaka mbili za ganda la korosho kuna mafuta mazito ya kahawia, takribani robo ya uzito wa ganda. Wanawake wanaobangua korosho kwa mkono wanayajua vizuri: huunguza ngozi na kuacha vidole vyeusi, hivyo hujipaka majivu au mafuta kabla ya kazi. Kinachounguza zaidi ni asidi ya anakadi. Ikipashwa moto hutoa hewa ya kaboni na kubaki kadanoli, ambayo ni fenoli yenye mkia mrefu wa kaboni 15. Fenoli hiyo huungana na kemikali nyingine kuwa dawa ya kugandisha epoksi, ile ya kopo la pili. Mkia wake hufukuza maji na kuipa rangi ulaini isipasuke. Rangi za namna hii hukauka hata juu ya chuma chenye unyevunyevu, na tayari zinatumika kwenye meli. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Egid Mubofu na wenzake wametafiti mafuta haya kwa miaka mingi.

Ifakara, mji wa Bonde la Kilombero, nayo ina mchango wake. Nyuma ya mashine za kukoboa mpunga hurundikana pumba, na nyingi huchomwa ovyo. Majivu ya pumba yaliyochomwa vizuri huwa na silika zaidi ya asilimia 85, na silika iliyosagwa laini huongeza ugumu wa rangi. Moto usizidi mno, maana silika hugeuka chembe kali zinazodhuru mapafu.

Tusidanganyike kwamba kila kitokanacho na mmea ni salama. Epiklorohidrini siku hizi hutengenezwa pia kwa gliserini ya mafuta ya mimea, lakini bado ni sumu ileile. Tena Mto Kilombero huupa Mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Hivyo taka za kiwanda kizembe hapa bondeni zingefika hadi baharini.

Hoja yangu ni hii: malighafi tunayo, ila tunaisafirisha bila kuihesabu. Sehemu kubwa ya korosho zetu huuzwa India na Vietnam zikiwa na maganda yake, na kadanoli huondoka humo humo. Anayebangua ndiye anayemiliki ganda, na mwenye ganda ndiye atakayetuuzia rangi. Ubanguaji wa ndani usipimwe kwa bei ya kokwa tu.

Hatua ya kwanza haihitaji kiwanda kikubwa. Chuo Kikuu na mafundi wa Ifakara wapake vibao vya chuma, vingine kwa epoksi ya dukani na vingine kwa epoksi ya kadanoli yenye majivu ya pumba, wavitundike kando ya mto masika nzima, kisha wapime kutu. Tukipata matokeo yetu wenyewe, mwekezaji atakuwa na cha kusoma na serikali itakuwa na cha kuamulia.

Juma lijalo: makapi ya miwa ya Kidatu.